Profesa Aliyekataa Kwenda Kuona

Ukimwambia kwamba duka liko "hapo tu", umejitafutia balaa. "Hapo tu ni mita ngapi?" angeuliza, na angesimama pale pale, hata kama ni katikati ya njia na watu wanampita kwa mabega, akungoje umjibu. Hakuwa anatania. Sisi tuliotoka Tanzania, ambao kwetu hapo tu huweza kuwa mlango wa pili au mwendo wa nusu siku, tulijifunza kunyamaza na kuonesha kwa kidole. Kidole nacho alikisahihisha.

Tulimwita Profesa, ingawa pale chuoni Durban cheo hicho hawakumpa. Walimchukua kwa mkataba wa muda ili awafundishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza kushika tepu na kusimamisha darubini ya kupimia. Kwao Kroatia alikuwa profesa wa upimaji ardhi kweli kweli, na aliandika kitabu kinene ambacho wapima wa nchi nzima walikisomea mitihani. Kitabu chenyewe nilikiona chumbani kwake Queensburgh, kimewekwa chini ya mguu mfupi wa meza. Nilipomuuliza kwa nini anakidhalilisha hivyo, alinijibu kwamba tangu akiandike, hiyo ndiyo mara ya kwanza kimesawazisha kitu.

Mimi sikumpenda mwanzoni, na sioni haja ya kuficha. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimefanya kazi ofisi ya ardhi Tanga miaka kadhaa kabla ya kupata ufadhili, nimepima viwanja vya wabunge na vya maskini, na sasa mzee mmoja mwenye nyusi za kijivu ananifundisha jinsi ya kukunja tepu. Siku ya kwanza ya mazoezi alitupeleka Sydenham, kwenye uwanja wenye mteremko nyuma ya shule. Nikapima upande wangu haraka nikamletea jibu. Hakulitazama. "Umerudi?" akaniuliza. Nikamwambia nimerudi, si ananiona. "Nauliza kipimo kama kimerudi." Alitaka nipime tena kuanzia mwisho kuja mwanzo, na mvua ilikuwa imeanza. Kwake, kipimo cha kwenda bila cha kurudi kilikuwa uvumi. Nilipima nikiwa nimelowa chapachapa, nikimtukana kimoyomoyo kwa Kiswahili safi cha Tanga, na majibu mawili yakatofautiana. Hakunicheka wala hakunisifu nilipopata la tatu likalingana na la pili. Alisema tu, "Sasa tunaweza kuanza kuzungumza."

Neno lake kubwa lilikuwa hili: nenda ukaone. Mwanafunzi akija na hoja, na ramani, na hesabu ndefu za kuonesha kwamba mpaka lazima upite mahali fulani, Profesa angeinua mkono. "Usinieleze. Nenda ukaone." Alituma watu mpaka juu ya vilima kwa sababu ya nukta moja. Mtanzania mwenzangu mmoja, kijana wa Mbeya, alimwiga vizuri sana bwenini, na kila aliyeulizwa kama chakula kimeiva alijibiwa kwa sauti ile nzito: nenda ukaone.

Alikuwa na mambo ya kuchekesha bila kujua. Mikate ya Grey Street, ile inayochimbwa katikati na kujazwa mchuzi wa maharage, aliipenda mno, lakini aliila kinyume: alimwaga maharage kwenye sahani, akala mkate wote mkavu, kisha ndipo akayashughulikia maharage kwa kijiko alichotembea nacho mfukoni. Mwenye hoteli, Mhindi mwenye subira, aliacha kushangaa akamwekea sahani yake maalumu. Kwenye teksi za Queensburgh alikuwa mzungu peke yake, na alimwomba dereva amshushe mita mia moja na ishirini kupita roboti, jina lao la taa za barabarani. "Eish, madala, mzee wangu," dereva mmoja akamwambia, "sema after robot tu, basi." Profesa akamweleza kwamba baada ya roboti iko dunia nzima.

Aliwahurumia watu lakini hakujua kuonesha. Nilipougua malaria niliyotoka nayo likizo, alikuja bwenini na mfuko wa machungwa, akauweka mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi. Wakati huo huo angeweza kumwambia msichana aliyefeli kwamba afadhali akasuke nywele, kwa kuwa nywele zikikosewa hukua tena. Msichana yule alilia, na mimi nilimwendea Profesa nikiwa na hasira nikamwambia kwamba kwetu mwalimu haongei hivyo. Akanisikiliza. Kesho yake alimwita yule binti, akakaa naye mchana kutwa juu ya zoezi lile lile hadi likakubali, na neno la samahani halikumtoka. Huyo ndiye aliyekuwa yeye.

Weupe wake ulimpa tabu ya aina yake. Wazungu wa Durban walimpokea kama wao, wakamwalika nyama choma, halafu wakamuuliza kwa nini mtu aache Ulaya aje huku wakati wao wanauza nyumba waende. Kwenye ofisi ya vibali alisimama foleni moja na Wakongo na Wasomali, na askari wa mlangoni kila mara alimwita aje mbele akidhani amepotea. Hakwenda mbele. Alisema yeye ni mkimbizi ambaye ngozi yake inamharibia foleni. Kitu hicho Wakongo walikipenda, na nadhani ndicho kilichomfikisha dukani kwa Mama Riziki.

Mama Riziki alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwenye duka la simu katikati ya mji: vibanda vinne vya mbao, mita za kuhesabu dakika ukutani, benchi la wateja, na saluni ya Mama Neema ubavuni. Mimi nilifanya kazi pale Jumamosi na siku nisizokuwa na masomo. Mama Riziki alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, mcheshi, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hukuligusa. Mumewe alipotea vitani kwao, alipokimbilia porini na umati wa watu, na hakuonekana tena. Mama Riziki alimzungumzia kana kwamba yuko safarini. "Baba Riziki hapendi pilipili," angesema, au, "Baba Riziki akikuja atatengeneza hii mulango." Wanawake wa kanisa lake walikuja mara moja kumshauri akae matanga, aombewe, moyo upumzike. Aliwafukuza. Aliwaambia hawezi kumlilia mtu ambaye hakuna aliyeuona mwili wake, na tangu hapo hakuna aliyerudia.

Profesa alikuja kila Jumamosi kumpigia simu mkewe, ambaye alibaki kwao Zagreb. Aliingia kibanda cha mwisho, akatugeuzia mgongo, akasikiliza. Mkewe ndiye aliyesema. Yeye alijibu kwa neno moja moja, da, da, mpaka nami nikalijua kuwa ni ndiyo. Kisha alilipa, akatuaga, akaenda zake Grey Street.

Kwa muda mrefu sikujua mkewe alibakia nini. Habari nilizipata vipande vipande, nyumbani kwake Queensburgh, ambako nilikwenda Jumapili kumsaidia kusahihisha mazoezi ya wanafunzi walioingia baada yetu. Chumba chake kilikuwa gereji iliyotiwa dirisha. Alichemsha pombe yake mwenyewe kwa matunda yaliyooza ya mwenye nyumba, kinyume cha sheria bila shaka, akajimiminia, na mimi, Mwislamu, akanipa chai nyeusi chungu. Alizungumza habari za kwao kama fundi anayeeleza kazi, si kwa huzuni. Alinieleza jinsi wazee wake walivyopanda jiwe la mpaka. Chini ya jiwe walifukia vigae vya sahani iliyovunjwa, kwa siri, ili siku mwizi wa ardhi akiling'oa jiwe, vigae vibaki kutoa ushahidi. Halafu walimwita mtoto wa nyumba, wakamsimamisha penye jiwe, wakamzaba kofi, ili asisahau mahali pale maisha yake yote. Baba yake alimzaba kwenye pembe ya shamba la miti ya matunda, karibu na mto, kisha akamnunulia peremende. Nikamwambia kwetu Muheza tunapanda mkonge mpakani na hatumpigi mtu. Akasema ndiyo maana ofisi yangu imejaa kesi.

"Na wewe ulimzaba nani?" nikamuuliza kwa mzaha.

"Mwanangu," akasema. "Jiwe lile lile."

Hapo ndipo nilipojua kuwa ana mtoto. Alikuwa wa pekee, kijana aliyekuwa akisomea kazi ya baba yake. Vita vilipoanza, Profesa alikuwa Zagreb akifundisha na mkewe yuko naye. Kijana alikuwa kwenye nyumba ya ukoo, katika mji wa kando ya mto, akivuna matunda. Mji ukazingirwa, ukapigwa, ukaanguka, na kijana hakuonekana tena, si kwa walio hai wala kwa waliokufa. Profesa alikaa mwaka na zaidi akizunguka kambi na hospitali na picha mkononi. Kisha akapata mkataba wa Durban, akamwambia mkewe anakwenda mara moja tu. Mkewe alikataa kutoka katika nchi ambayo mtoto wake huenda angerudi akigonga mlango.

Aliponimalizia hayo aliosha glasi, akaniuliza zoezi la nani limebaki.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane ndipo zile simu za Jumamosi zilipobadilika. Mji wa kando ya mto ulikuwa umerudi mikononi mwa serikali yao, na makaburi ya pamoja yalikuwa yakifukuliwa. Wazazi waliitwa kuja kutazama nguo, kutoa damu ilinganishwe na mifupa, kutazama kile kilichobaki. Mkewe alimwambia aje. Hakutaka kuingia peke yake kwenye jumba walikolaza mabaki, na mimi simlaumu; nani angetaka? Profesa alisema atakuja mitihani ikiisha. Mitihani ikaisha. Akasema kibali chake kinashughulikiwa, akitoka nje hatarudishwa. Kibali kikatoka. Akasema nauli, akasema mgongo, akasema huko ni baridi. Da, da, ikageuka kuwa neno jingine, ne, nalo sikuhitaji kamusi.

Nilimkasirikia, na nilimwambia. Jumapili moja, kalamu nyekundu mkononi, nilimuuliza ni yeye kweli aliyetupandisha vilima vyote vile kwa sababu ya nukta moja, akituambia twende tukaone. Aliendelea kusahihisha. Akafika mwisho wa karatasi, akaigeuza, akasema, "Nukta haina uso." Hasira haikuniisha.

Halafu akaacha kabisa kuja dukani. Jumamosi mbili tatu zikapita kibanda cha mwisho kikiwa kitupu. Siku moja simu ya duka ikalia, Mama Riziki akapokea, nikamwona anakunja uso, kisha anakunjua, kisha anavuta kiti. Alikuwa ni mke wa Profesa, ambaye namba ya duka alipewa zamani kwa dharura. Maisha yake yote huko kwao alifundisha Kifaransa shuleni, na Mama Riziki alisomeshwa na masista wa Kibelgiji. Walizungumza mpaka wateja wakachoka kungoja. Mama Riziki hakucheka hata mara moja. Alipoweka simu alifuta macho kwa kanga, na mimi nilijua nisiulize.

Alinituma nimpelekee Profesa ujumbe kwamba Jumamosi anatakiwa dukani bila kukosa. Alikuja. Alinyoosha mkono kuomba laini kama kawaida, na Mama Riziki akaenda akasimama mbele ya kibanda, akakijaza mlango.

"Mutanzania," akaniita, "kuja hapa. Leo utafasiria. Na usipunguze kitu, minakujua weye unapenda kuweka sukari."

Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia dakika za simu tu. Nikasogea. Profesa alisimama na kofia mkononi.

"Umwambie bibi yake aliita. Tuliongea français, saa mzima. Minajua banamuita akuje kuona, na minajua anakataa."

Nikatafsiri. Masikio ya Profesa yakawa mekundu. "Hilo ni jambo la nyumbani kwangu," akasema, nami nikamrudishia Mama Riziki hivyo hivyo.

"Nyumba yake iko wapi?" Mama Riziki akauliza. "Ni mi naona mugongo yake kila samedi akipiga simu, inatetemeka mu kibanda. Sasa nyumba yake ni hapa. Umwambie tena. Baba Riziki aliingia mu pori na batu wengi. Nani iko anachimba ile pori? Nani? Serikali gani? Mpaka nakufa, hakuna mtu atapiga simu hapa aseme, Mama, kuja, tumepata shati, angalia kama ni yake. Kwa hiyo minangoja. Minangoja kila siku, na iko nanichosha. Ye banamuita! Banamuita kwa jina, na ye anasema baridi!"

Nilitafsiri neno kwa neno. Sukari sikuwa nayo siku ile. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walisimama wenyewe wakatoka.

Profesa aliketi kwenye lile benchi. Alizungusha kofia magotini, kisha akaanza kusema, akinitazama mimi ingawa maneno hayakuwa yangu.

Alisema kwamba ujanani, kama kila mwanamume wa kwao, alitumikia jeshi, na kwa kuwa alijua kupima walimweka kwenye mizinga. Kazi yake ilikuwa kukokotoa kombora litafika wapi. Kwa hiyo mizinga ilipopangwa ng'ambo ya mto, mwaka ule vita vilipoanza, alifanya kile alichokijua. Alitandaza ramani mezani Zagreb. Alijua mizinga ni ya aina gani, alijua imewekwa wapi, alijua nyumba yao iko wapi kuliko mtu yeyote duniani. Akapima kwenda, akapima kurudi. Usiku ule mwanawe alipiga simu. Kulikuwa na basi la mwisho asubuhi, watu wengi wanapanda, naye alitaka kupanda.

"Nikamwambia asipande," Profesa akasema. "Barabara ndiyo iliyokuwa ikipigwa. Nyumba ilikuwa nje ya shabaha. Nikamwambia, kaa nyumbani, makombora hayakufikii. Akaniuliza, una hakika? Nikamwambia nimepima."

Basi lile lilifika. Watu wote waliokuwamo walifika.

"Mke wangu anadhani ninaogopa mifupa. Naogopa kuona kombora lilipoangukia. Nikienda nitaiona nyumba, nitaona paa lilipotobolewa, nami nitajua nilikosea kwa mita ngapi. Mtu mwingine akikosea husema Mungu alitaka. Mimi nitakuwa na tarakimu."

Nilimpa Mama Riziki yote hayo kwa Kiswahili, pole pole, kwa sababu ilibidi nisimame mara kwa mara. Nilimwonea Profesa huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu, na nilijionea aibu kwa ile kalamu nyekundu. Mama Riziki alikuwa ameshika fremu ya kibanda. Nilipomaliza alikaa chini, si kwenye kiti, kwenye kizingiti cha kibanda.

"Baba Riziki alitaka kupita barabara," akasema. "Ni mi nilikataa. Nilisema barabara iko na basoda na bunduki, wanaume banawatoa mu camion, mu malori. Pita mu pori na wengine, mi na mutoto tutapanda camion ya bamama, tutakutana mbele. Ye alisema pori ni mubaya. Nilimwambia nenda. Ni mi nilimuchagulia njia." Akanitazama. "Umwambie."

Nikamwambia. Profesa akamgeukia yule mama.

"Muulize," akasema, "kama wangemwita yeye, leo, angekwenda?"

Nikauliza.

"Kwa miguu," akasema Mama Riziki.

Profesa alivaa kofia, akaivua, akasimama, akaomba laini. Mama Riziki akainuka mlangoni akampisha. Siku ile mkewe ndiye aliyesikiliza, yeye ndiye aliyesema.

Aliondoka mwezi Juni. Chuo kilimweka mtu mwingine mahali pake, kijana mpole aliyekubali "hapo tu" bila swali, na sisi tukagundua kwamba tunapima kwenda na kurudi hata bila kuambiwa. Hatukupata habari yoyote. Mwenye nyumba wa Queensburgh alisema kodi imelipwa na vitu vipo. Mama Riziki hakumtaja, lakini simu ya duka ikilia alikuwa wa kwanza kuinuka. Mwezi wa nane vita vikaanza upya Kongo, na duka likajaa Wakongo wanaopiga namba zisizopokelewa. Walikaa kwenye benchi, wakajaribu, wakakaa tena. Wengine hatukuwadai, maana hakuna aliyejibu upande wa pili.

Katika siku hizo ndipo Profesa alipoingia. Nilikuwa nabadilisha mita, na nilimtambua kwa ule usimamaji wake wa kungoja kujibiwa. Alikuwa amekonda, koti zito la kwao liko mkononi, na Durban siku ile ilikuwa na jua. Mama Riziki alimaliza kumhudumia mteja. Kisha akaniita kwa kidole.

"Umuulize kama aliona."

"Nimeona," Profesa akasema. Alikuwa amekuja kufunga vitu vyake arudi kwa mkewe moja kwa moja, lakini alianzia dukani. Alisimama kueleza, hakutaka kukaa. Mtoto walimkuta kwenye kaburi la pamoja, nje ya mji, pamoja na wengine wengi. Mkewe alizijua soksi, alizifuma mwenyewe. Yeye hakuzijua soksi. Alilijua jino la mbele, lililovunjika mtoto alipoteleza kwenye barafu akiwa mdogo. Waliomzika ni wao wawili na majirani wachache waliorudi.

Nikadhani amemaliza.

"Nilikwenda na nyumbani," akasema. "Nilizunguka nyumba yote. Nikapanda darini. Paa ni zima. Hakuna kombora lililoanguka, si juu ya nyumba, si uani, si shambani. Hesabu yangu ilikuwa sahihi."

Nilianza kutafsiri, akanizuia kwa mkono.

"Jirani mmoja mwanamke, mzee, alikuwa amejificha kwenye ghala, akaona. Mji ulipoanguka walikuja wanaume kwa miguu. Walifungua lango wakaingia. Mwanangu alikuwa akinywa kahawa jikoni, kwa sababu baba yake alimwambia pale ni salama. Nilipima kila kitu kinachoruka. Watu sikuwapima."

Hapo akaanza kulia. Alilia vibaya, mdomo wazi, akiwa amesimama wima na koti mkononi, na mimi nilimshika mkono kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikamtafsiria Mama Riziki. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

Kisha akainuka. Akawaambia wateja waliobaki wamsamehe, duka linafungwa, akawatoa mmoja mmoja kwa upole. Akavuta mlango wa chuma hadi nusu. Akasogeza benchi ukutani, akatoa mkeka nyuma ya kaunta, akautandika sakafuni mbele ya vibanda, akavua viatu. Akamshika Profesa mkono akamkalisha. Magoti ya mzee yule yalikuwa mabovu, ilituchukua muda. Mimi nikavua viatu nikakaa upande wa pili.

Mama Neema wa saluni aliona mlango umeshuka mchana kweupe, akainama akachungulia, kitana bado kiko mkononi.

"Mama Riziki, iko nini? Mbona unafunga?"

"Iko kilio."

"Ya nani?"

"Ya mutoto ya Prof. Balimupata."

Mama Neema akaweka mkono kifuani, akaanza kuvua viatu aingie. Mama Riziki alikuwa bado amesimama, akifungua kilemba chake taratibu, akitazama mkeka.

"Na ya Baba Riziki," akasema.

Mama Neema akasita, kiatu kimoja mguuni. "Baba Riziki? Ulipata habari?"

"Habari haiko," akasema Mama Riziki, akakaa. "Alikufa. Kuja ukae na sisi."